Maziwa bila mimba: mtoto yatima, titi la mlezi na vidonge vya sokoni

(MUZIKI WA KUFUNGUA. UNASHUKA TARATIBU.)

MTANGAZAJI: Popote ulipo, Nyarugusu hapa Tanzania, Nakivale au Kyangwali kule Uganda, Mahama kule Rwanda, Kakuma kule Kenya, karibu katika kipindi cha afya. Kama kuna mama au bibi hapo nje anachambua maharage, muite aje karibu na redio. Akina baba nanyi msiondoke, kuna sehemu yenu.

Leo tuna ujumbe mmoja tu. Uliingia kwenye simu ya studio kwa sauti, na mama aliyeutuma ameniruhusu niusome bila kutaja jina lake wala kijiji chake. Anasema hivi:

"Mwanangu mtangazaji, shikamoo yako nimeipokea kila wiki redioni, leo nina shida. Mdogo wangu amefariki siku mbili baada ya kujifungua. Ameniachia mtoto wa kike. Mimi nina miaka 38, mtoto wangu wa mwisho ana miaka saba. Matiti yangu ni makavu. Jirani ameniambia kwamba ukimeza vidonge vya kupanga uzazi pamoja na vidonge vya kuzuia kutapika, maziwa yanatoka hata kama hukubeba mimba. Muuzaji mmoja sokoni anavyo vyote. Nikiuza mafuta na unga wa posho ya mwezi huu, pesa inatosha. Niuze?"

Pole sana mama. Kwanza niseme kwamba sikungoja siku ya kipindi ndipo nimjibu. Mtoto mchanga hasubiri ratiba ya redio. Nilimpigia siku ileile, nikamwambia mambo mawili: asiuze posho, na ambebe mtoto aende naye kituo cha afya kabla jua halijazama. Halafu nikaenda mwenyewe kukaa na mkunga na nesi wa lishe wa kituo chetu, maana swali lake lina ukweli ndani yake, na uongo pia. Leo ninawaletea niliyoyapata.

Najua wengine mnashangaa kijana wa kiume anaongelea matiti redioni. Subirini kidogo, nitawaambia kwa nini jambo hili ni la nyumbani kwetu.

(MUZIKI, SEKUNDE 5)

Tuanze na titi lenyewe. Mwanamke akiwa na mimba, mwili wake unatengeneza kwa wingi homoni mbili, estrojeni na projesteroni. Homoni ni ujumbe ambao mwili unautuma kupitia damu. Nyingi ya homoni hizo zinatoka kwenye kondo la nyuma. Kazi yake kwenye titi ni ujenzi: zinakuza vifuko vya kutengenezea maziwa na mirija ya kuyapitisha. Lakini wakati zinajenga, zinazuia maziwa yasitoke kwa wingi. Kondo likishatoka baada ya kujifungua, homoni hizo zinashuka ghafla, na hapo homoni nyingine inayoitwa prolaktini inapata nafasi ya kutengeneza maziwa. Ya nne, oksitosini, inayasukuma maziwa hadi kwenye chuchu.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Prolaktini inapanda kila mtoto anaponyonya. Bomba letu la maji hapa kambini, watu wakichota sana, maji yanapungua. Titi linafanya kinyume. Linapochotwa mara nyingi, mwili unaelewa kwamba kuna mtu ana njaa, unaongeza. Lisipochotwa, mwili unafunga.

Basi hao wanaosema maziwa yanaweza kutoka bila mimba hawakusema uongo. Kule Kanada kuna daktari wa watoto anaitwa Jack Newman. Kuelekea mwaka 2000 alimsaidia mwanamke anayeitwa Lenore Goldfarb, ambaye mtoto wake alibebwa mimba na mwanamke mwingine, naye alitaka kumnyonyesha mwenyewe. Wakatengeneza utaratibu ambao hadi leo unajulikana kwa majina yao wawili. Mwanamke anameza vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni na projestini mfululizo, bila kupumzika, kwa miezi kadhaa. Hapo mwili unadanganywa kwamba una mimba, titi linajengwa. Pamoja navyo anameza domperidoni, dawa ya kichefuchefu, ambayo pia inapandisha prolaktini. Halafu, wiki kama sita kabla mtoto hajazaliwa, anaacha vidonge vya uzazi, ndipo anaanza kukamua matiti kwa mashine, usiku na mchana.

Umeona? Vidonge vinamezwa kabla, na vinaachwa ndipo maziwa yatafutwe. Ni mpango wa mtu ambaye mtoto wake bado yuko tumboni mwa mwingine, ana miezi mbele yake, ana daktari wa kumpima, ana mashine na umeme wa kuiendesha.

Mama yetu wa leo mtoto tayari amemshika mikononi, analia. Akianza leo vidonge vyenye estrojeni, anaanza na ile sehemu inayozuia maziwa. Ndiyo maana mama aliyejifungua karibuni akienda kuomba njia ya uzazi wa mpango, nesi hampi vidonge vyenye homoni mbili. Anampa vya homoni moja au njia nyingine, kwa sababu estrojeni inaweza kupunguza maziwa. Muuzaji wa sokoni hajui hilo. Nilipita kwenye meza yake nikajifanya mteja. Aliniambia nimeze pakiti nzima bila kuruka. Pakiti ile ina vidonge vya mwisho vya rangi ya kahawia ambavyo ni madini ya chuma tu. Hata hicho hakukijua.

Tena mama huyu hahitaji ujenzi mpya. Amezaa na amenyonyesha. Nesi alinieleza kwamba mwanamke aliyewahi kunyonyesha anaanza na faida kubwa, kwa sababu titi lake limeshajengwa. Linalokosekana ni mdomo wa mtoto.

Kuhusu hatari, nitasema wazi. Vidonge vyenye estrojeni vinaweza kuleta damu kuganda kwenye mishipa. Hatari hiyo inazidi kwa mwanamke mwenye presha, anayevuta sigara akiwa na miaka 35 na zaidi, au aliyewahi kupata tatizo la damu kuganda. Ndiyo maana kituoni wanapima presha kwanza. Sokoni hakuna anayepima.

Domperidoni nayo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo watu wasiitumie kwa ajili ya maziwa. Mwaka 2014 ile ya Ulaya ikapunguza matumizi yake: vidonge vya miligramu 10, mara tatu kwa siku kwa mtu mzima, kwa kawaida isizidi wiki moja, na kwa kichefuchefu tu. Kanada bado wapo madaktari wanaowaandikia akina mama, lakini wanawauliza kwanza habari za moyo na dawa nyingine wanazotumia. Na hapa kuna jambo linalotuhusu sana sisi. Dawa ya mseto ya malaria, ile ya vidonge vya njano tunayopewa wengi wetu, ndani yake kuna lumefantrini. Lumefantrini haitakiwi kuchanganywa na domperidoni, moyo unaweza kwenda vibaya. Hali kadhalika baadhi ya antibiotiki kama erithromaisini, na dawa ya fangasi inayoitwa flukonazoli. Nani hapa kambini anamaliza miezi mitatu bila malaria nyumbani kwake?

Wengine sokoni wanauza metoklopramidi badala yake. Hiyo nayo inapandisha prolaktini, lakini inaweza kumshusha mtu moyo mpaka akawa na sonona, na ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta mikazo ya uso na mdomo ambayo pengine haiponi. Mfikirie mwanamke ambaye amemzika mdogo wake wiki hii. Umpe dawa ya kumzidishia huzuni?

(MUZIKI, SEKUNDE 5)

Sasa nyumbani kwetu. Mwaka 1996 vita vilipofika upande wetu wa Kivu ya Kusini, familia yetu ilivuka ziwa Tanganyika kuja Kigoma. Mimi sikuwa nimezaliwa. Kaka yangu alikuwa na miezi miwili. Mama alishikwa na homa njiani, akawa hajitambui, maziwa yakakatika. Bibi, mama yake mama, mtoto wake wa mwisho alikuwa tayari anachunga mbuzi. Alimpa kaka titi lake ili anyamaze tu, watu walikuwa wamejificha na kilio kilikuwa hatari. Hakufikiria maziwa. Akampa tena usiku, na kesho yake, na keshokutwa. Mama mmoja jirani aliyekuwa na mtoto wake alimnyonyesha kaka mara moja au mbili kwa siku, ndicho kilichomweka hai. Walipokuwa wameshafika Tanzania, karibu siku ya kumi kwa hesabu ya mama, bibi aliona nguo imelowa kifuani.

Nilipokuwa mdogo habari hii haikusemwa mbele za watu. Kuna waliosema bibi ana uchawi, mwanamke mzee anatoaje maziwa. Mkunga alipomaliza kunieleza juzi, nilimuuliza kuhusu bibi, akacheka. Akaniambia Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 1998, na ndani yake wamo mabibi, hata waliokwisha kukoma hedhi. Na kitabu hicho kinasema kwamba kwa wanawake wengi dawa si lazima. La lazima ni mtoto kunyonya mara nyingi, na mama kupata watu wa kumsaidia. Bibi amefariki bila kusikia hayo. Kaka anaendesha pikipiki, ana watoto wawili.

Basi inafanyikaje? Mtoto anawekwa titini mara 8 hadi 12 kwa siku moja, yaani mchana na usiku, matiti yote mawili, kama dakika 10 hadi 15 kila upande akikubali. Usiku usiache. Alale karibu nawe, ngozi kwa ngozi, ndani ya kitenge. Siku za kwanza hakutoki kitu, na hapo ndipo wengi wanakata tamaa, kwa sababu mtoto anavuta titi tupu na kukasirika.

Kwa hiyo kituoni watakufundisha njia ya mpira. Ni mpira mwembamba sana, ule wanaotumia kulishia wagonjwa kupitia puani. Ncha moja inakaa kwenye kikombe chenye maziwa, ncha nyingine inabandikwa kwenye titi iishie kwenye chuchu. Mtoto anaponyonya anavuta chuchu na mpira kwa pamoja. Anapata maziwa ya kwenye kikombe, anaamini titi lina kitu, anaendelea kunyonya, na mwili wako unapokea ujumbe. Mwanzoni kikombe kinashikwa chini ya chuchu kwa kama sentimita 10. Mtoto akipata nguvu kinashushwa mpaka kama sentimita 30, ili afanye kazi zaidi. Ukikiinua juu ya titi maziwa yatamiminika na kumpalia. Baada ya kila mlo mpira unasukumwa maji safi kwa bomba la sindano na kukaushwa. Kama mpira haupo, mtu wa pili anaweza kudondosha maziwa tone kwa tone kwenye titi, yateremke hadi mdomoni mwa mtoto.

Maziwa ya kikombeni ni yapi? Yale ya watoto wachanga ambayo kitengo cha lishe kitakupa na kukuonyesha jinsi ya kuyachanganya, au maziwa yaliyokamuliwa na mama mwingine kwa maelekezo ya kituo. Mtoto anahitaji kama mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wa kilo tatu ni mililita 450, zinagawanywa mara nane. Usiongeze maji ili kopo lidumu. Usimpe uji wa lishe, chai, wala maji ya sukari. Na tafadhali achana na chupa ya chuchu ya mpira, ile tuliyozoea kuiita biberoni: haioshwi ikatakata kwa maji haya tunayopanga foleni, na kuhara kunaua mtoto wa umri huu upesi. Kikombe kidogo kinatosha.

Maziwa yako yakianza, nesi atapunguza yale ya kikombe kidogo kidogo, kama mililita 50 kwa jumla ya siku nzima, kisha anangoja siku chache aone. Usipunguze mwenyewe kwa furaha. Mizani ndiyo inayosema. Mtoto anatakiwa kuongezeka angalau gramu 125 kwa wiki, na kukojoa kama mara sita kwa siku, mkojo mweupe. Muda unatofautiana. Kuna wanaoona matone baada ya siku chache, kuna wa wiki kadhaa. Wengine hawafikii kushibisha mtoto, wanaendelea na kikombe pembeni, na hayo machache yao bado yana kinga.

Kabla ya kuanza kuna kipimo cha VVU, cha mlezi na, kama inawezekana kujua, habari za mama aliyefariki. Mlezi asiye na maambukizi leo atapangiwa kurudia kipimo, kwa sababu maambukizi ya karibuni yanaweza yasionekane. Kama mama aliyefariki alikuwa na VVU, mtoto anahitaji dawa yake mara moja na kupimwa. Na kama mlezi mwenyewe anaishi na VVU, asiamue peke yake nyumbani. Nesi ameniomba nisisitize: habari hizi zinabaki chumbani kwake.

Nimeulizwa pia na dada mmoja hapa studio: na mwanamke ambaye hajawahi kuzaa kabisa? Inawezekana, ila ni kazi ngumu zaidi na mara nyingi maziwa ni machache. Huyo ndiye ambaye daktari anaweza kufikiria kumpa homoni au dawa nyingine. Kule Papua New Guinea mwaka 1994 ulichapishwa utafiti wa wanawake 37 waliolea watoto ambao hawakuwazaa. Wengi wa waliofika mwisho walipata maziwa. Dawa zilitumika, lakini chini ya macho ya daktari, na watoto waliendelea kuwekwa titini. Kwa hiyo dada, swali lako ni la daktari, si la meza ya sokoni.

Mlezi anayerudisha maziwa asidhani pia kwamba kunyonyesha kunamkinga na mimba. Ile hesabu ya miezi sita ni ya mama aliyetoka kujifungua. Aulize njia ya homoni moja au isiyo na homoni.

(MUZIKI, SEKUNDE 5)

Akina baba, sehemu yenu. Mara 12 kwa siku, nusu saa kila mara, ni saa sita mwanamke ameketi. Nani atachota maji? Nani atasimama kwenye foleni ya posho, nani atatafuta kuni? Mkunga anasema akina mama wengi aliowaona wakishindwa hawakushindwa na titi, walishindwa na ndoo. Karanga, dagaa, mboga za majani, vyote vizuri kwa mama ili awe na nguvu, na anywe maji kadiri ya kiu. Lakini hakuna chakula wala pombe ya ndizi itakayofanya kazi ya mdomo wa mtoto. Kwa hiyo mume, mchukulie ndoo. Watoto wakubwa, osheni vyombo. Jirani uliyemshauri vidonge, najua ulitaka kusaidia. Nenda ukamshikie kikombe saa nane ya usiku.

Kwa wasikilizaji Waislamu, mnajua kwamba mtoto aliyenyonyeshwa anakuwa ndugu wa kunyonya wa watoto wa mama huyo, na hawaoani. Iwe unamnyonyesha mtoto wa dada yako au mtoto wa jirani, zungumzeni na shehe na wazazi mapema, na majina yakumbukwe.

Mtoto akikataa kunyonya, akilegea, akipata homa au mwili kuwa wa baridi, akihara, akikosa mkojo kwa muda mrefu, usingoje asubuhi. Nenda kituoni usiku huohuo.

Mama yetu aliyetutumia ujumbe hakuuza mafuta. Mume wake anashika kikombe usiku, na binti yake mkubwa ndiye anayekwenda bombani. Siku ya kumi na mbili alinitumia sauti nyingine, fupi. Alisema ameona tone jeupe kwenye kitenge, akamwita mume wake aje aone, wakadhani labda ni la kikombe. Wakangoja mlo uliofuata, wakaondoa mpira kidogo, wakaangalia tena. Bado anautumia mpira. Ijumaa anampeleka mtoto kwenye mizani.

(MUZIKI WA KUFUNGA UNAPANDA)